Magazeti ya nchi za Kiislamu na katuni za ughaibuni: namna ya kuyasoma bila kupotea

Kila linapozuka sakata la katuni za Mtume Muhammad (S.A.W.) huko Ulaya, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa vijana wa vyuo vya uandishi wa habari na wale waliopangiwa dawati la habari za kimataifa wiki hiyo hiyo. Maswali ni yale yale. "Magazeti ya Waislamu yalizichapisha au hayakuzichapisha?" "Mbona walinyamaza miezi minne halafu wakawaka?" "Ni lazima nizitazame hizo picha ndipo niandike?" Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye WhatsApp. Nimeandika mara moja, mtu akiuliza tena nitamtumia hii.

Swali la tatu nalimaliza hapa hapa: hapana, si lazima. Kazi yetu ni kutazama gazeti lilivyoitendea habari, na kwa hilo maelezo ya maneno yanatosha. Nimewahi kufanya kazi na kijana wa Kipemba aliyejaza jedwali zima bila kufungua hata picha moja, na jedwali lake lilikuwa safi kuliko langu.

Nimetumia kisa kimoja kama uwanja wa mazoezi: katuni 12 za gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, zilizotoka tarehe 30 Septemba 2005. Kisa ni cha zamani, na hiyo ndiyo faida yake. Wahariri walioshtakiwa wameshahukumiwa, magazeti yaliyofungwa yanajulikana, na hakuna anayekukimbiza na saa ya kufunga ukurasa. Ukikijua hiki, vya Charlie Hebdo, gazeti la dhihaka la Ufaransa, vya 2015 na 2020 utavisoma haraka.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

Jedwali, liwe la Excel au la daftari la mistari, lenye safu hizi: tarehe ya miladi, tarehe ya Hijria, gazeti, mji, lugha, mmiliki, ukurasa, neno lililotumika kwenye kichwa cha habari, namna katuni zilivyoonyeshwa, chanzo cha habari, na kilichofuata.

Kalenda inayoonyesha miladi na Hijria pamoja. Usiidharau. Ndiyo itakayokuokoa kwenye hatua ya kwanza.

Mtu mmoja anayesoma Kiarabu vizuri. Ustadh wa madrasa ya jirani anafaa kabisa, mradi umweleze unachotaka: akusomee kichwa cha habari neno kwa neno, kwanza bila kukupa maoni yake. Kama utagusa Pakistan, Iran, Uturuki au Indonesia, tafuta na wa huko. Programu za kutafsiri zinasaidia kujua habari inahusu nini, lakini kwenye kupima uzito wa neno zinapotosha.

Mwisho, njia ya kupata kurasa za zamani: Wayback Machine kwa tovuti, na maktaba ya chuo kama ina hifadhi ya magazeti.

Hatua ya 1: Andika kalenda kabla hujagusa gazeti lolote

Wanaoanza hukimbilia picha. Wewe anza na tarehe, kwa sababu katuni ile ile ikichapishwa Oktoba na ikichapishwa Februari ni habari mbili tofauti. Weka hizi kwenye karatasi ya pembeni:

- 30 Septemba 2005: Jyllands-Posten linachapisha, siku chache kabla ya Ramadhani ya 1426.
- 12 Oktoba: mabalozi na wawakilishi 11 wa nchi za Kiislamu wanamwandikia waziri mkuu wa Denmark, Anders Fogh Rasmussen, wakiomba kukutana naye. Siku chache baadaye anawajibu kwa barua bila kuwapa miadi.
- 17 Oktoba: gazeti la kila wiki la Cairo, El Fagr, linachapisha baadhi ya katuni hizo. Ni katikati ya Ramadhani.
- Desemba: ujumbe wa Waislamu wa Denmark unazunguka Misri na Lebanon ukiwa na jalada la nyaraka. Mwezi huo huo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu wanakutana Makka.
- 10 Januari 2006: Magazinet, gazeti dogo la Kikristo la Norway, linazirudia. Ilikuwa siku ya Idi ya kuchinja.
- 26 Januari: Saudi Arabia inamwita nyumbani balozi wake. Bidhaa za Denmark zinaanza kuondolewa madukani, na kampuni ya maziwa ya Arla inaumia.
- 1 Februari: France Soir la Paris linazichapisha, na mhariri wake anafukuzwa na mmiliki.
- 3 Februari, Ijumaa: maandamano makubwa baada ya sala. Kesho yake balozi za Denmark na Norway mjini Damascus zinachomwa moto.

Sasa tazama mstari wa 17 Oktoba. Gazeti la Kiarabu, ndani ya nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Kiarabu, linazichapisha mchana wa Ramadhani kwa kuzilaani, na hakuna anayechoma kitu wala mhariri anayefikishwa mahakamani. Miezi mitatu na nusu baadaye mhariri wa Amman, Jordan (utamkuta Hatua ya 7), anachapisha tatu tu na kuishia rumande. Ukikaa na tofauti hiyo dakika kumi, swali la "mbona walinyamaza miezi minne" linajijibu nusu: hawakunyamaza wote, na kilichobadilika katikati hakikuwa michoro. Serikali zilikuwa zimeingia.

Angalizo: ripoti nyingi za baadaye zinaanza hadithi Februari 2006. Ukianza hapo, umeshakosea.

Hatua ya 2: Hesabu michoro

Inaonekana kazi ya kitoto. Ifanye hivyo hivyo.

Jyllands-Posten lilichapisha 12, na hazikuwa za aina moja. Inayojulikana zaidi ni ya Kurt Westergaard, yenye kilemba cha bomu. Lakini mmoja wa wachoraji alimchora mtoto wa shule aitwaye Mohammed akiandika ubaoni kwa Kifarsi kwamba wahariri wa gazeti hilo ni kundi la wachokozi wenye fikra za kizamani. Yaani alilidhihaki gazeti lililomlipa. Mwingine alimtania mwandishi wa kitabu cha watoto ambaye malalamiko yake ya kukosa mchoraji ndiyo yaliyozaa mradi wote.

Lile jalada lililosafiri Desemba nalo lilikuwa na picha tatu za ziada ambazo Jyllands-Posten halikuzichapisha kamwe. Mojawapo haikuwa mchoro kabisa: ilikuwa picha ya shirika la habari la AP ya mtu aliyevaa pua ya nguruwe kwenye shindano la kuiga milio ya nguruwe huko Ufaransa.

Kwa hiyo kila gazeti likisema "katuni za Denmark", jiulize linasema zipi. Likizungumzia nguruwe, limechota kwenye jalada, au kwa aliyechota kwenye jalada. Lipe alama kwenye jedwali.

Hatua ya 3: Chagua magazeti kwa mmiliki na lugha, usichague kwa bendera

Kosa kubwa kuliko yote ni kuokota gazeti moja la Saudia, moja la Misri, moja la Iran, kisha kuandika "magazeti ya Kiislamu yalisema". Kwa kila nchi chukua angalau mawili yasiyofanana: la serikali na la binafsi, au la lugha ya wengi na la lugha ya wachache.

Al-Ahram la Cairo ni la serikali. El Fagr ni la binafsi. Asharq Al-Awsat lina wenyewe Wasaudi lakini makao yake yako London, kwa hiyo ukiliweka safu ya Uingereza umekosea na ukiliweka safu ya Riyadh bila maelezo umekosea pia. Hamshahri la Tehran ni mali ya manispaa ya jiji.

Lugha nayo ina habari yake. Yemen Observer liliandikwa kwa Kiingereza, Le Journal Hebdomadaire la Morocco kwa Kifaransa, Guang Ming Daily la Malaysia kwa Kichina. Yote matatu yaliingia matatani. Gazeti linaloandika kwa lugha isiyosomwa msikitini hudhani lina nafasi zaidi ya kupumua, mpaka mtu alitafsiri.

Hatua ya 4: Tafuta gazeti lilionyeshaje bila kuonyesha

Hapa ndipo penye utamu, chukua muda. Vijana wengi wana safu ya "ndiyo" na "hapana": lilichapisha, halikuchapisha. Ifute. Katika kisa hiki kimoja tu nimehesabu njia zifuatazo, na huenda ukapata nyingine.

Kuna waliochapisha wazi ili walaani. El Fagr ni hao. Shams la Saudi Arabia nalo lilichapisha baadhi ndani ya kampeni ya kuzipinga, likasimamishwa kwa muda Februari 2006. Nia ya kulaani haikulisaidia.

Kuna waliopiga mkasi wa wino. Yemen Observer lilizichapisha zikiwa ndogo na kuzipiga alama nene ya X juu yake, pembeni ya habari za kulaani. Mhariri wake, Mohammed al-Asadi, aliwekwa ndani na gazeti likanyang'anywa leseni.

Kuna waliofunika. Tovuti ya Rakyat Merdeka la Jakarta iliweka mchoro huku sura ikiwa imezibwa. Mhariri wake, Teguh Santosa, alishtakiwa. Septemba 2006 mahakama ikaitupa kesi.

Kuna picha ya mtu anayesoma gazeti, na hii naipenda kwa ujanja wake. Le Journal Hebdomadaire lilitumia picha ya shirika la habari inayomwonyesha msomaji ameshika France Soir, na katuni zikaonekana humo kwa udogo wa punje. Kisha wahariri wakaingiwa na hofu, wakazipaka wino mweusi kwa mkono nakala kwa nakala kabla ya kuzisambaza. Haikufaa. Waandamanaji walikusanyika mbele ya ofisi yao, na gazeti likadai walipelekwa pale na mamlaka. Guang Ming Daily lilitumia picha ya aina hiyo hiyo, na toleo lake la jioni likafungiwa wiki mbili.

Kuna waliojibu kwa mchoro. Hamshahri lilitangaza shindano la katuni kuhusu mauaji ya halaiki ya Wayahudi, kwa hoja kwamba tuone uhuru wa Ulaya unafika wapi. Aliyeshinda alikuwa Mmorocco, Abdellah Derkaoui. New Straits Times la Kuala Lumpur liliweka katuni ya Mmarekani Wiley Miller inayotania sakata lenyewe, bila sura ya Mtume (S.A.W.) ndani yake. Serikali ikalitaka lijieleze, likaomba radhi. Mchoro juu ya mchoro nao unahesabiwa.

Halafu kuna wengi, walio wengi hasa, walioeleza kwa maneno tu. Hawa ndio wanaosahauliwa kwenye tafiti kwa kuwa hawana kesi wala picha ya kuvutia. Usiwasahau. Hapa pima urefu wa maelezo: gazeti linalosema "katuni zenye kumkosea Mtume" likaishia hapo limefanya jambo moja, na linaloeleza kilemba, bomu na shahada iliyoandikwa juu yake limemchorea msomaji picha kichwani kwa maneno. Yote mawili yatasema "hatukuzichapisha".

Angalizo: usimwandikie mtu "alichapisha" bila kutaja njia. Al-Asadi alipiga X. Kumweka kapu moja na France Soir ni kumwonea mara ya pili.

Hatua ya 5: Pima neno la kichwa cha habari

Mwite Ustadh sasa. Kwa Kiarabu utakutana sana na *ar-rusum al-musi'a*, michoro yenye kukosea adabu. Kwa Kiurdu, *gustakhana khakay*, michoro ya ufedhuli. Kwa Kituruki, *karikatür krizi*, mgogoro wa katuni, tamko lililopoa zaidi. Kwa Kiindonesia, *kartun Nabi*, katuni za Nabii. Kila neno limeshatoa hukumu, au limekataa kuitoa, kabla msomaji hajafika aya ya kwanza.

Nilipokuwa mgeni wa dawati, nilitafsiri *musi'a* kuwa "matusi" na kuliweka kwenye kichwa cha habari. Kesho yake mzee mmoja wa Tanga akapiga simu chumba cha habari. "Mwanangu," akasema, "matusi ni ya mdomoni. Hawa wamesema wamekosewa adabu. Ungesema kukashifu ningekuelewa." Nikaona haya, kwa kuwa alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo safu ya neno naijaza kwa lugha ya asili kwanza, tafsiri inafuata kwenye mabano.

Neno hilo la Kiarabu lina faida nyingine. Linalalamikia kukosewa heshima. Halisemi neno kuhusu kuchora kwenyewe. Ni malalamiko mawili tofauti, na katika historia ya Waislamu hilo la pili halikuwa na jibu moja: Uajemi na dola ya Uthmaniya waliacha vitabu vilivyopambwa kwa michoro ya Mtume, mara nyingi uso ukiwa umefunikwa. Gazeti likiandika kwamba "Uislamu unakataza picha" likaishia hapo, weka alama ya kuuliza. Theolojia naiacha hapo, si kazi yetu leo.

Hatua ya 6: Tafuta chanzo

Ukiona sentensi moja kwenye magazeti sita ya nchi tatu, hujapata maoni ya magazeti sita. Umepata shirika la habari. Mbali na Reuters, AFP na AP, zijue za serikali: SPA ya Saudi Arabia, MENA ya Misri, Petra ya Jordan, IRNA ya Iran, Anadolu ya Uturuki, Antara ya Indonesia, Bernama ya Malaysia. Tazama mwanzo au mwisho wa habari. Zinazotoka chanzo kimoja zihesabu moja, kisha andika kila gazeti liliongeza nini au lilikata nini. Kilichokatwa mara nyingi kinasema zaidi. Kwa mfano, tarehe 30 Januari 2006 Jyllands-Posten liliomba radhi kwa kuwaumiza Waislamu lakini halikuomba radhi kwa kuchapisha. Tazama nani alibeba nusu zote mbili na nani alibeba moja.

Hatua ya 7: Uliza gazeti linagombana na nani

Ukifika hapa utagundua kwamba Denmark mara nyingi ni kisingizio, ugomvi uko nyumbani.

Tazama Shihan, gazeti la kila wiki la Jordan. Alhamisi ya tarehe 2 Februari 2006 mhariri wake, Jihad Momani, alichapisha katuni tatu pamoja na tahariri iliyowaomba Waislamu watumie busara. Aliuliza ni kipi kinachouchafua Uislamu zaidi: michoro hii, au picha za mateka anayechinjwa mbele ya kamera, au mtu anayejilipua kwenye harusi mjini Amman. Msomaji wa Copenhagen angepita tu hapo. Msomaji wa Amman alijua harusi ipi: tarehe 9 Novemba 2005, chini ya miezi mitatu kabla, mabomu yalilipuka kwenye hoteli za jiji hilo, moja ndani ya ukumbi wa harusi. Momani alikuwa anazungumza na jirani zake. Mwenye gazeti alimfukuza na kuziondoa nakala sokoni, naye akakamatwa.

Misri nayo ilikuwa kwenye uchaguzi wa bunge Novemba na Desemba 2005, ambapo wagombea wa Udugu wa Kiislamu, kundi la upinzani, walipata viti 88. Serikali iliyobanwa hivyo ina sababu zake za kuonekana mtetezi wa dini, na magazeti yake yanajua. Sisemi hasira za watu zilikuwa za bandia. Wenye kuumia waliumia kweli, na anayeandika kana kwamba yote yalipangwa ofisini hajawahi kukaa barazani na watu hao. Ninasema gazeti lina mwenyewe, na mwenyewe ana mahesabu.

Kwa hiyo kwenye kila tahariri andika jina la anayelaumiwa. Ni Denmark? Ulaya? Serikali ya nyumbani kwa ulegevu wake? Wenye siasa kali? Ukikuta nyumbani kunatajwa mara nyingi kuliko Copenhagen, umepata mada ya utafiti wako.

Hatua ya 8: Fuatilia mpaka hukumu

Habari ya kukamatwa hupata ukurasa wa mbele. Hukumu hupata kisanduku cha ndani miezi kumi baadaye. Usiishie Februari. Momani na mhariri wa gazeti jingine la Jordan, Al-Mehwar, walihukumiwa kifungo cha miezi miwili mwezi Mei 2006. Al-Asadi alitozwa faini Desemba. Sarawak Tribune la Malaysia lilichapisha mchoro tarehe 4 Februari ndani ya habari iliyosema sakata halijawa na mshindo mkubwa nchini. Siku tano baadaye likafungiwa bila kikomo. Sijui kama kuna gazeti lililowahi kujikanusha kwa gharama kubwa hivyo.

Andika pia aliyetoa adhabu: mahakama, wizara, mmiliki, au watu wa mitaani. Ni vitu vinne tofauti.

Hatua ya 9: Andika sentensi yenye jina, tarehe na kitendo

Jaza mistari miwili kwanza uone jedwali linavyoongea:

El Fagr | 17 Oktoba 2005, Ramadhani 1426 | Cairo | Kiarabu | binafsi | zilionyeshwa wazi kwa kulaaniwa | hakuna kesi.

Shihan | 2 Februari 2006, Muharram 1427 | Amman | Kiarabu | binafsi | tatu wazi, na tahariri ya kuomba busara | kufukuzwa, kukamatwa, miezi miwili.

Kutoka hapo, badala ya kuandika "vyombo vya habari vya Kiislamu vilikasirishwa na katuni", utaandika: "Kufikia Februari 2006 mhariri wa Amman aliyechapisha katuni tatu alikuwa amekamatwa, ilhali la Cairo lililozichapisha Oktoba halikushtakiwa." Sentensi ya pili inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ya kwanza huwezi hata kuipinga, kwa kuwa haijasema kitu.

Yanayokwamisha, na namna ya kujinasua

*Nimetafuta Al-Fajr nikapata magazeti ya nchi nyingine.* Wamisri hutamka j kama g, hivyo wenyewe huandika El Fagr. Jina Al-Fajr limetumiwa na magazeti ya nchi kadhaa za Kiarabu. Tafuta kwa tahajia zote mbili, na bora zaidi kwa herufi za Kiarabu. Jina la Momani nalo utalikuta limeandikwa kwa njia tatu au nne.

*Tarehe za Hijria hazilingani kati ya nchi na nchi.* Kawaida, mwezi unaandama tofauti. Tumia miladi kupanga, Hijria kuelewa.

*Sioni toleo la Ijumaa.* Magazeti ya Iran hayatoki Ijumaa, na mapumziko ya wiki ya Saudia ya wakati ule yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Usiandike "lilinyamaza" kabla hujahakikisha lilitoka. Kisha linganisha toleo la mwisho kabla ya khutba na la kwanza baada yake.

*Kisa changu ni cha 2015 na kila gazeti linaonekana linajipinga.* Halijipingi. Tarehe 7 Januari 2015 waliuawa watu 12 kwenye shambulio la ofisi ya Charlie Hebdo, kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kulaani mauaji na kulaani katuni. Jedwali liwe na safu mbili za lawama. Tarehe 14 Januari, siku toleo jipya la Charlie Hebdo lilipotoka, Cumhuriyet la Uturuki lilichapisha kurasa nne za kuchagua, na polisi wakazuia malori kiwandani kukagua. Jalada la mbele la toleo hilo la Charlie Hebdo, lenye mchoro wa Mtume, halikuwamo kwenye kurasa hizo nne. Liliwekwa, dogo, kwenye safu za waandishi wawili, Hikmet Çetinkaya na Ceyda Karan. Ndio waliohukumiwa miaka miwili kila mmoja, Aprili 2016.

*Gazeti limefungwa lakini sioni katuni ndani yake.* Huenda haimo. Mardom-e Emrooz la Tehran lilifungwa Januari 2015 kwa ukurasa wa mbele wenye picha ya George Clooney na tamko lake la kuwaunga mkono Charlie Hebdo. Hakukuwa na mchoro wowote.

*Niingize na magazeti ya kwetu?* Kapu tofauti. The Star la Nairobi lilichapisha picha ya jalada la Charlie Hebdo Januari 2015, likaomba radhi baada ya Waislamu kulalamika, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaingilia. Ni kisa kizuri cha nchi ambayo Waislamu ni wachache. Ukikichanganya na Amman, jedwali zima litayumba.

*Tovuti ya gazeti haipo tena.* Le Journal Hebdomadaire lilifungwa 2010. Sarawak Tribune lilirudi mwaka huo huo kwa jina la New Sarawak Tribune, kwa hiyo ukitafuta toleo la 2006 kwenye tovuti ya sasa utapoteza siku nzima. Ingia Wayback Machine na anwani ya zamani, weka Februari 2006, na kama ukurasa umehifadhiwa nusu, piga picha ya skrini saa hiyo hiyo uandike tarehe uliyoufungua.